Marafiki wanasifu, wachapishaji wananyamaza

*Shikamoo Bi Mhariri,*

*Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu na leo nimepiga moyo konde nikuandikie. Nimeandika riwaya. Ina maneno 118,000 na nimeimaliza, mwanzo hadi mwisho. Inamhusu Zuhura, mwanamke ambaye mumewe, Kassim, ameuza nyumba yao kwa siri. Siri hiyo inafichuka katika sura ya tisa.*

*Marafiki na ndugu walioisoma wote wameisifu. Dada yangu alilia. Nikajipa moyo, nikaipeleka kwa wachapishaji kadhaa. Wengi hawakunijibu kabisa. Mmoja aliniandikia mstari mmoja tu: lugha yako inasomeka, lakini hadithi inachelewa kuanza. Hakueleza zaidi.*

*Nikaona nitafute mhariri wa kumlipa. Nimepata wawili na sijui nimfuate yupi. Wa kwanza anasema atafanya "uhariri kamili" wa kitabu kizima kwa wiki moja, na ananihakikishia kwamba kitachapishwa. Anataka fedha zote kabla hajaanza. Wa pili ni mama mmoja aliyeniomba kurasa chache za mwanzo ili anifanyie sampuli bila malipo. Alichonirudishia kiliniuma. Ukurasa mzima mwekundu. Na pembeni, pale Kassim anapogonga mlango, akaandika: "Huyu si mume wake? Kwa nini anabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe?" Sasa hilo nalo ni swali? Mtu hawezi kugonga mlango? Mwishowe akaniambia nisimlipe kwanza, nikaandike upya ndipo nirudi. Nilihisi amenidharau.*

*Kaka yangu anasema nisipoteze fedha, niupitishe mswada kwenye programu ya akili bandia, itasahihisha kila kitu. Mwalimu wangu wa zamani naye ananionya kwamba mhariri ataniua sauti yangu.*

*Nakuwekea aya ya kwanza uione mwenyewe:*

*"Ilikuwa ni asubuhi yenye baridi kali ambapo jua lilikuwa bado halijachomoza vizuri wakati Zuhura alipoweza kuamka kutoka katika usingizi wake mzito huku akiwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kutokana na yale mambo yote ambayo yalikuwa yametokea usiku wa kuamkia siku hiyo. Alitembea kuelekea dirishani na kuanza kuangalia nje huku akiwaza juu ya maisha yake. Machozi yalianza kumtiririka mithili ya mto. Mara ghafla alisikia mlango ukigongwa kwa nguvu. Moyo wake ulimdunda kwa hofu. Alikuwa ni Kassim, mume wake, mtu ambaye alikuwa amemsababishia huzuni yote hiyo."*

*Nimlipe yupi? Je, kuna namna ya kujinoa mwenyewe bila kuingia darasani? Na ni kweli mhariri humnyang'anya mwandishi sauti yake?*

*Mwanao,*
*Niliyekwama*

Marahaba mwanangu,

Nianze na jibu fupi ili usingizi ukurudie. Fedha zako zikae zilipo kwa sasa. Yule wa wiki moja mwache apite. Yule mama aliyekuumiza, mshike, huyo ndiye. Lakini usimrudie leo, kwa sababu alichokwambia ni kweli: kazi iliyobaki bado ni yako, si yake.

Sasa tuliangalie lile swali lake. Unaniuliza kama hilo nalo ni swali. Mimi nadhani mswada wako haujawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Riwaya yako inahusu nini? Mume aliyeuza nyumba kwa siri. Na katika aya ya kwanza kabisa, mume huyohuyo amesimama nje alfajiri, anagonga mlango wa nyumba ambayo si yake tena. Hilo umeliandika wewe, kwa mkono wako, kisha ukapita juu yake kwa "mara ghafla" ukaenda zako. Yule mama hakujua kitabu kinaelekea wapi. Alikuwa na kurasa chache tu, lakini alinusa kwamba pale pana kitu. Tena hakukwambia uandike nini. Aliuliza, akakuachia.

Marafiki hawakuliuliza swali hilo kwa sababu walikuwa wanakusoma wewe, hawasomi kitabu. Dada yako alilia, na simlaumu; pengine hata mimi ningelia kama mdogo wangu ameandika kitabu kizima. Ila machozi ya dada hayakwambii ni ukurasa gani mtu asiyekujua ataufunga na kwenda kulala.

Twende kwenye aya yenyewe. Nitaisoma kama ninavyosoma mswada wa mtu yeyote, kwa hiyo jikaze kidogo.

Sentensi ya kwanza ina maneno 42. Ndani yake mna asubuhi, baridi, jua, usingizi, huzuni, moyo, mambo na usiku, na hamna hata kimoja ambacho msomaji anaweza kukishika. Zuhura "alipoweza kuamka": kwani nani alimzuia? Aliamka, basi. "Yale mambo yote" wewe unayajua, Zuhura anayajua, msomaji peke yake ndiye hayajui, na hajapewa sababu ya kuyangoja. Kisha usingizi ni mzito ilhali huzuni ni kubwa sana. Mtu aliyevunjwa moyo usiku hulala fofofo? Inawezekana, watu hatufanani, lakini basi hilo lenyewe ni jambo la kutueleza juu ya Zuhura. Halafu anakwenda dirishani kuangalia nje, na umetuambia jua halijatoka. Anaona nini gizani? Machozi mithili ya mto hayana mwenyewe. Kila mwandishi ameyatumia na sasa hayamlowanishi mtu. "Mara" na "ghafla" ni jambo lilelile limesemwa mara mbili. Na ukishasema moyo ulimdunda, "kwa hofu" ni ya nini?

Ningejaribu hivi, kwa mfano tu:

"Mlango ulipogongwa, Zuhura alikuwa ameketi kitandani na nguo za jana. Hakuuliza ni nani. Ni Kassim tu agongaye nyumba yake mwenyewe kama mdai."

Usiyanakili maneno haya. Ni yangu, na riwaya ni yako. Ukiyapachika, msomaji atasikia mtu mwingine anazungumza. Nimeyaweka ili uone kilichoondoka. Huzuni haikutajwa, hofu haikutajwa, hali ya hewa haikutajwa. Nguo za jana zinatosha kusema kwamba mtu huyu hakulala. Na neno "mdai" linamwachia msomaji swali ambalo atatembea nalo hadi sura yako ya tisa bila kunung'unika. Mchapishaji aliposema hadithi inachelewa kuanza, sidhani alimaanisha uilete sura ya tisa mbele. Siri yako inaweza kungoja. Kinachokosekana ni kitu cha kumshika msomaji wakati anangoja.

Hapo ndipo unapopotea katika kutafuta mhariri. Unatafuta mtu wa "kuhariri kitabu", na huyo wa kwanza kakuitikia kwa "uhariri kamili", neno linalopendeza na lisilomfunga kwa lolote. Ukweli ni kwamba mswada hupita katika mikono ya aina nne, na kwa zamu. Kwanza huja uhariri wa muundo, unaotazama hadithi nzima: inaanzia wapi, inaonwa kwa macho ya nani, sura ipi haina kazi, mhusika gani angeondoka na asikumbukwe. Kazi hiyo mara nyingi hairudi na wino mwekundu hata kidogo. Inarudi kama barua ndefu. Ndipo hufuata uhariri wa mtindo, sentensi kwa sentensi, kama nilivyokufanyia hapo juu. Tatu ni uhariri wa nakala: sarufi, tahajia, upatanisho, na lile jambo ambalo waandishi wengi hulisahau, uthabiti. Jina liandikwe "Kassim" kote, lisigeuke "Kasim" katikati. Mama aliyezikwa sura ya nne asije akaonekana jikoni sura ya kumi na saba. Wahariri wazuri hutunza karatasi ya kumbukumbu kwa ajili hiyo, majina, umri, tarehe, namna ya kuandika kila neno lenye utata, na ukimlipa mhariri wa nakala una haki ya kumwomba karatasi hiyo. Mwisho kabisa, kurasa zikishapangwa tayari kwa kuchapwa, ndipo prufu husomwa, kunasa yaliyoponyoka na yaliyoharibika wakati wa kupanga.

Zamu hiyo ina maana. Ukimlipa mtu akunyooshee sarufi ya sura ambayo baadaye inafutwa, umelipia kupigwa deki chumba kinachobomolewa kesho. Wewe umeambiwa hadithi inachelewa kuanza. Hilo ni tatizo la muundo. Hata ukinyoosha kila koma, litabaki palepale.

Na kama fedha ni za kubana, ujue kwamba kuna huduma ndogo kuliko uhariri wa muundo, wengi huiita tathmini ya mswada. Mhariri anasoma kitabu chote, hagusi sentensi hata moja, anakuandikia ripoti ya kurasa kadhaa: hiki kinafanya kazi, hiki hakifanyi, na kwa nini. Gharama yake huwa chini sana kuliko kuhariri neno kwa neno. Kwa mswada kama wako, ningeanzia hapo, wakati wake ukifika.

Kuhusu yule wa wiki moja, tufanye hesabu tu. Wahariri wengi huhesabu ukurasa wa mswada kuwa maneno 250. Maneno 118,000 ni kurasa 472. Mtu akisoma kimya maneno 250 kwa dakika, atatumia karibu saa nane kuusoma mswada wako bila kusimama, bila kuandika chochote, bila kunywa maji. Sasa aanze kuhariri. Akienda kurasa tano kwa saa, na kwa sentensi za maneno 42 hiyo ni kasi nzuri, ni saa 94 kwa mzunguko mmoja. Yeye ameahidi kila kitu ndani ya siku saba. Ama halali usiku, ama anapitisha programu na kukurudishia, ama hatausoma. Chagua mwenyewe.

Ahadi ya kuchapishwa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mhariri wa kujitegemea hana uwezo wa kumhakikishia mtu kuchapishwa, kwa kuwa uamuzi huo haumo mikononi mwake. Anaweza kuuboresha mswada, basi. Muulize kwa maandishi: kitachapishwa na nani, na nani atalipa gharama za kuchapa? Jibu likiwa ni wewe, basi anakuuzia huduma ya uchapaji. Si dhambi, wapo wanaochagua njia hiyo wakiwa na akili zao timamu, ila iitwe kwa jina lake. Katika uchapishaji wa kawaida mchapishaji ndiye anayegharimia kitabu, na mwandishi hupata mrabaha, yaani fungu lake katika mauzo. Fedha zikianza kutembea kinyume, simama uulize. Matapeli wa fani hii ni wengi kiasi kwamba huko Marekani waandishi wameunda kikundi, Writer Beware, ambacho tangu 1998 kazi yake ni kuwafuatilia na kuwatahadharisha wenzao.

Siku ukiwa tayari kulipa, fanya alivyofanya yule mama: anzeni na sampuli. Kurasa chache, kutoka katikati ya kitabu, si za mwanzo ambazo umezisugua mpaka zinang'aa. Ukiweza, wape watu wawili kurasa zilezile, uweke kazi zao ubavuni kwa ubavu. Utashangaa. Mmoja atakuwa amebadilisha maneno yako kwa maneno anayoyapenda yeye, bila sababu. Mwingine atakuwa amegusa machache, na kila alipogusa utasema, naam, hapa hata mimi palinikera. Angalia pia kama mabadiliko yake yanaonekana. Mhariri anayefanya kazi kwenye kompyuta anapaswa kuwasha kumbukumbu ya mabadiliko, ili kila alichofuta na alichoongeza ukione, ukikubali au ukikatae. Akikurudishia faili safi lisilo na alama, hujui amekufanyia nini, na mimi singempa sura ya pili.

Kisha mwandikiane. Haihitaji mwanasheria, ukurasa mmoja unatosha, ukisema ni uhariri wa aina ipi kati ya zile nne, maneno mangapi, unarudi lini, atapitia mara ngapi baada ya wewe kurekebisha, malipo ni kwa neno, ukurasa au saa. Malipo yaende kwa awamu: kiasi mwanzoni, kilichobaki kazi ikikabidhiwa. Hakimiliki ibaki kwako, na mswada usisambazwe. Kama hujui maelezo ya namna hiyo hukaaje, vyama vya wahariri vina miongozo. Editorial Freelancers Association cha Marekani kipo tangu 1970, na Chartered Institute of Editing and Proofreading cha Uingereza kina kanuni za kazi ambazo hata mwandishi wa Kiswahili atafaidika kuzisoma, kwa sababu zinaeleza nini cha kutarajia kwa mtu unayemlipa. Na muulize amehariri riwaya gani. Mtu anaweza kuwa bingwa wa ripoti na vitabu vya kiada na asijue la kufanya na Zuhura.

Hayo ni ya baadaye. Sasa tuje kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, kwa sababu kadiri unavyojinoa ndivyo fedha ya mhariri itakavyokwenda kwenye mambo usiyoyaona mwenyewe badala ya kwenda kwenye "mara ghafla".

Uweke mswada kando. Usiufungue kwa wiki kadhaa, ikiwezekana zaidi, hata kama vidole vinawasha. Ukirudi, usianze kurekebisha sentensi. Chukua daftari, na kwa kila sura andika mstari mmoja: nani anataka nini, na mwisho wa sura nini kimebadilika. Usiandike sura "inahusu" nini, andika kilichobadilika. Utafika kwenye sura ambayo mstari wake utakataa kuandikika. Zuhura anakumbuka utoto wake, nini kimebadilika? Hakuna. Weka alama ya kuuliza uendelee. Ukimaliza, alama hizo zitakuonyesha mwenyewe hadithi inapochelewa, wala hutakuwa umemlipa mtu. Nina hakika kiasi kwamba tatu au nne zitakuwa kabla ya sura ya tisa.

Baada ya kuyashughulikia hayo, soma kwa sauti. Ndiyo, kitabu chote, kwa sauti ya kusikika, taratibu, si kwa kunong'ona. Kiswahili ni lugha iliyoimbwa na kusimuliwa karne nyingi kabla ya riwaya kuja, na sikio linakamata mambo ambayo jicho limeyazoea. Pale pumzi inapokuishia kabla ya nukta, sentensi ni ndefu. Pale ulimi unapoteleza, upatanisho una kasoro au maneno yamesongamana. Utazisikia hata zile "huku akiwa" zinavyorudi kila baada ya mistari miwili. Zihesabu. Halafu jaribu kuandika tendo likifuatwa na tendo, akaamka, akavuta pazia, akasita, uone hadithi inavyotembea yenyewe. Usizidishe tu, ukurasa mzima wa "aka-" nao unachosha.

Kuna zoezi la zamani ninalolipenda kuliko mazoezi yote ya uandishi. Benjamin Franklin, yule Mmarekani, analieleza katika kumbukumbu za maisha yake. Alikuwa kijana mwanagenzi katika kiwanda cha kuchapa, hana mwalimu wa insha. Akachukua makala za jarida la Spectator la London, akaandika kwa ufupi wazo la kila sentensi, akayaweka kando siku chache. Kisha akajaribu kuziandika makala zile upya kwa maneno yake, bila kutazama, na mwisho akalinganisha na za asili ili aone alipopungukiwa. Mara nyingine alizigeuza kuwa mashairi na kuzirudisha tena kuwa nathari, ili ajilazimishe kutafuta maneno. Na ana kiburi kidogo mzee yule, anasema hapa na pale alijiona amemshinda mwandishi wa mwanzo. Chukua ukurasa mmoja wa mwandishi wa Kiswahili unayemheshimu ufanye vivyo hivyo. Hutaiga mtindo wake. Utakachoona ni yale aliyokataa kuyasema, na hayo huwezi kuyaona kwa kusoma tu.

Wasomaji wa awali uwe nao, ila badilisha swali. Ukimuuliza mtu "umeionaje?" umemlazimisha akusifu. Mpe sura tatu na kalamu, mwambie aweke mstari pembeni kila mahali alipotaka kuruka, kila mahali alipopiga mwayo, na kila mahali ilipomlazimu kurudi nyuma kusoma tena. Asieleze chochote. Watu wawili au watatu wasio ndugu zako wakiweka mstari mahali pamoja, hapo pana ugonjwa, hata kama ndiyo aya unayoipenda kuliko zote. Dawa wanayopendekeza unaweza kuipuuza. Msomaji anajua panapouma, si lazima ajue kwa nini.

Mwalimu wako ana hoja kuhusu sauti, ila ameikuza. Yapo mambo yote mawili, mhariri anayeifungua sauti na anayeifunika. Mshairi T. S. Eliot alimpa rafiki yake, mshairi mwenzake Ezra Pound, shairi refu liitwalo The Waste Land, na Pound akalikata karibu nusu. Lilipotoka mwaka 1922 lilibadilisha ushairi wa Kiingereza, na Eliot alimtunukia Pound kwa maneno ya heshima kubwa. Mwaka 1971 rasimu zilichapishwa pamoja na alama za kalamu ya Pound, na ukizitazama unaona alikuwa akiondoa kilichoifunika sauti ya mwenzake. Upande wa pili yuko Raymond Carver, mwandishi wa hadithi fupi wa Marekani. Mhariri wake, Gordon Lish, alizikata baadhi ya hadithi zake kwa zaidi ya nusu, akabadilisha hata miisho. Mwaka 1980 Carver alimwandikia barua ya kumsihi asitishe kitabu chenye hadithi hizo, lakini kikatoka mwaka uliofuata jinsi Lish alivyotaka. Kikasifiwa sana. Ilipofika 2009, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo cha Carver, ndipo hadithi zile zilipochapishwa kama alivyoziandika. Wapo wanaopenda za Lish, wapo wanaopenda za Carver. Mimi nazipenda za Lish na bado naona alivuka mpaka, kwa sababu mwenye kazi alisema hapana.

Ndiyo maana nimekwambia mabadiliko yote yaonekane na uwe na haki ya kukataa. Lakini kataa kwa sababu, mwanangu. "Ndivyo ninavyoandika" si sababu. Na kwa ukweli kabisa, katika aya uliyoniletea sauti yako bado sijaisikia. Nimesikia maneno ambayo mtu yeyote angeyaandika. Barua yako ndiyo yenye sauti: "Sasa hilo nalo ni swali? Mtu hawezi kugonga mlango?" Huyo aliyekasirika ndiye ninayetaka anisimulie habari za Zuhura.

Kaka yako mwambie asante. Programu itakunasia herufi zilizorukwa na nafasi mbili zilizofuatana, itumie kwa hilo mwishoni. Ila nyingi zinajua Kiswahili kidogo kuliko zinavyojionyesha, zinaweza kupigia mstari neno sahihi na kuacha upatanisho mbovu upite. Ukiziruhusu ziandike upya, zitakurudishia sentensi laini zisizo na mtu ndani, nawe una za namna hiyo za kutosha. Swali la mlango halikutoka huko.

Kwa yule mama, andika leo ujumbe mfupi wa kumshukuru kwa sampuli, useme unaandika upya na utamtafuta. Usijitetee. Wahariri wa kujitegemea hupanga kazi miezi kadhaa mbele, kwa hiyo muulize anahitaji taarifa ya muda gani, na kama anafanya tathmini ya mswada peke yake.

Na kabla hujagusa chochote, hifadhi mswada wa sasa kwa jina lenye tarehe, mahali pawili. Fungua faili jingine uliite mabaki, na kila utakachokikata kitupie humo badala ya kukifuta. Mkono unakuwa mwepesi kukata ukijua kitu kipo, na zipo sentensi mbili tatu utakazokuja kuziokota ukifika sura za mwisho.

Bi Mhariri